Sura ya Tano: Viungo vya Mtoto na Usuhuba wa Shule

Barabara kuu itokayo Webuye kwenda Kitale, ambayo huendelea hadi Lodwar na mpaka wa Sudan Kusini, hupita katikati ya soko la Kamukuywa, katika eneo la Kimilili la kaunti ya Bungoma; na asubuhi, kabla umande haujakauka mashambani, watoto wa shule huonekana kandokando yake wakienda mafungu kwa mafungu, wakubwa wamewashika wadogo mikono, macho yao yakiyaangalia malori kwa hadhari. Wengi wao, kabla ya kuvaa sare, wamekwisha kufanya kazi ya viungo ambayo mtoto wa mji mkubwa huenda asiifanye mwezi mzima: wameteka maji na kuyapandisha kilima juu ya kata pasipo kuyamwaga, wamemtoa ndama zizini, wamemfunga mdogo wao mgongoni kwa leso na kumbembeleza mpaka akalala, na katika msimu wa mavuno wamepukuchua mahindi mpaka vidole gumba vikaota sugu. Watoto hawa hawa, wakiisha kuketi darasani na kukabidhiwa penseli, baadhi yao huambiwa kwamba mikono yao ni mizito. Na kauli hiyo, ikitamkwa na mwalimu mbele ya wenzao, huanza kufanya kazi ambayo mwalimu mwenyewe hakuikusudia.

Katika sura zilizotangulia tulizungumza juu ya akili ya mtoto na ulimi wake. Sasa yatupasa tuzungumze juu ya viungo vyake, nami nasema mapema, ili msomaji ajue nasimama wapi, kwamba kwa mtoto wa miaka sita au saba viungo ndivyo vimpatiavyo kibali mbele ya wenzake, kabla ya akili na kabla ya ulimi. Mtu mzima huingia katika jamaa ya wageni kwa maneno: husalimu, huuliza hali, hutaja kwao na watu wake. Mtoto huingia kwa kukimbia, kurusha, kudaka na kuruka. Akiyaweza hayo huitwa kwa jina lake tangu siku za kwanza na kugawiwa nafasi katika mchezo, na asipoyaweza husimama kando ya uwanja akitazama, na huko kutazama ndiko mwanzo wa upweke ambao baadaye hupewa majina mengi yasiyo yake, kama vile kiburi, uvivu, ukaidi na uzito wa akili.

Kwanza na tuiondoe dhana moja iliyodumu miaka mingi. Katika miaka ya 1950 daktari Mfaransa aliyeitwa Marcelle Geber aliwapima watoto wachanga mjini Kampala, akaona kwamba waliketi na kusimama mapema kuliko watoto wa Ulaya; na kutokana na kazi yake wakatokea watu waliosema kwamba mtoto wa Kiafrika huzaliwa na wepesi wa viungo kwa maumbile, kana kwamba wepesi huo ni fungu alilopewa bure, wala malezi hayana sehemu ndani yake. Charles Super, mtaalamu wa Kimarekani aliyekaa na Wakipsigis wa Kokwet, magharibi mwa Kenya, na kutangaza aliyoyaona mwaka 1976, alionyesha sababu iliyo dhahiri zaidi. Mama wa Kokwet huwafundisha watoto wao kuketi na kutembea kwa makusudi, kama wafundishavyo kazi nyingine yoyote ya nyumbani, hata humchimbia mtoto kishimo kidogo ardhini na kumzungushia nguo ili mgongo wake upate egemeo; na watoto hao huketi na kutembea kama mwezi mmoja hivi kabla ya watoto wa Marekani. Walakini katika mambo wasiyofundishwa, kama vile kutambaa, hawakuwatangulia wenzao hata kidogo. Basi wepesi wa kiungo ni tunda la mafunzo na nafasi na mazoezi; na ikiwa ndivyo kwa mtoto wa miezi sita, hatuna hoja ya kudhani kwamba huwa vingine kwa mtoto wa miaka sita.

Karibu zaidi na Kamukuywa, miongoni mwa Waluhya wa Maragoli, Robert na Ruth Munroe walitoa mwaka 1971 ushahidi mwingine ninaoupenda kwa unyofu wake. Waliangalia watoto wadogo huonekana umbali gani kutoka nyumbani kwao wakati hawana kazi waliyotumwa, kisha wakawapa majaribio ya kupanga vipande na kuiga mifano waliyoonyeshwa. Na wale waliozoea kuzurura mbali waliyafanya majaribio hayo vema kuliko wenzao wa rika lao waliobaki karibu na nyumba. Miguu ilikuwa imeyafundisha macho. Mtoto aliyevuka kijito, akapanda kichuguu, akapima kwa jicho upana wa mtaro kabla ya kuuruka, alikuwa akijifunza hesabu ya mahali na masafa ambayo daftari humletea baadaye ikiwa imekauka. Sisemi kwamba watoto waachiliwe barabarani. Ile barabara ya Kitale imekwisha kuondoa roho za watu, pikipiki za bodaboda nazo zimeijaza mpaka njia za vijijini, na mzazi amkatazaye mwanawe asiikaribie anatimiza faradhi yake. Lakini kila mahali mtoto anapokatazwa kufika ni somo linalofutwa, na somo likifutwa nje lazima lirudishwe ndani ya ua wa shule, la sivyo limepotea.

Turejee kwenye penseli. Robert Serpell, ambaye alifundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Zambia, aliwalinganisha watoto wa Lusaka na watoto wa Uingereza katika kuiga maumbo, naye akatangaza matokeo yake mwaka 1979. Kwa penseli na karatasi watoto wa Uingereza walishinda. Kwa waya wa kupinda watoto wa Lusaka walishinda. Kwa udongo wa kufinyanga hapakuwa na aliyemzidi mwenzake. Sababu si siri kwa yeyote aliyekulia Afrika ya Mashariki au ya Kusini, maana mvulana wa Lusaka, sawasawa na mvulana wa Kamukuywa, amekwisha kutengeneza magari ya waya yenye magurudumu ya ndara kuukuu na usukani mrefu wa kuyaendeshea huku amesimama, akaunganisha ekseli kwa mkono ule ule ambao shuleni huitwa mzito. Mkono wa mtoto huyu haukukosa ustadi. Umekutana na chombo kigeni. Mwalimu atakayemwanzisha kwa udongo, kwa mbegu za kuhesabu na kupanga, kwa kusuka nyuzi za mkonge na kuchora mchangani kwa kidole, kisha ndipo amkabidhi penseli, atakuwa amempitisha katika njia anayoijua mpaka aifikie asiyoijua. Na hapa nataka kutaja dhuluma moja ndogo ambayo haijatoweka, nayo ni ya mtoto atumiaye mkono wa kushoto, ambaye kwa sababu ya adabu zetu za kupokea na kutoa kwa mkono wa kulia hulazimishwa kuandika kwa mkono ambao Mungu hakumpa uwezo nao. Adabu ya kupokea zawadi na ibaki. Uandishi ni jambo jingine, na mtoto huyo aachwe aandike kwa mkono wake.

Kazi za nyumbani nazo zina fungu lake katika tabia, si katika misuli tu. Beatrice na John Whiting, katika kitabu chao cha mwaka 1975 kilicholinganisha watoto wa jamii sita za ulimwengu, waliona kwamba watoto wa Nyansongo, katika nchi ya Wakisii, waliokabidhiwa mapema ulezi wa wadogo zao na kazi za shamba, walikuwa wepesi kuliko wengi kutoa msaada na kubeba dhima ya mtu mwingine. Carol Ember naye, katika kazi aliyoitangaza mwaka 1973, aliona kwamba wavulana wa Kijaluo waliofanya kazi za ndani, ambazo kwa desturi ni za wasichana, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na dada wa kuzifanya, walikuwa na mwenendo wa upole zaidi kuliko wavulana wasiozifanya. Kiungo hufundisha moyo. Mvulana aliyemshika mtoto mchanga kwa namna ambayo shingo yake haitalegea nyuma amejifunza kupima nguvu zake, na aliyejifunza kupima nguvu zake ni nadra kumwangusha mwenzake uwanjani kwa ukali.

Uwanja wenyewe ndio shule ya pili, na kwa utangamano wa watoto pengine ndio ya kwanza. Kengele ya mapumziko ikilia, wasichana hufunga blada, ile kamba ya mpira inayovutika, miguuni mwa wawili waliosimama wakikabiliana, na mrukaji huanza kwenye vifundo vya miguu, akapanda magotini, kisha kiunoni. Akikosea, hutoka akashika kamba ili mwingine aruke. Mahali pengine hucheza kati, wawili wakirushiana mpira wa matambara au wa mifuko ya plastiki, na walio katikati wakiukwepa, na anayeguswa hutoka. Wavulana wamechuchumaa kwenye bano, wakiipima kila gololi kwa jicho moja, la pili limefumbwa. Wadogo zaidi wamejificha kwa brikicho, au wako pembeni wakicheza kalongolongo, wakipika majani na udongo katika vifuniko vya chupa. Mtu asiyejali huona kelele na vumbi. Lakini msikilize mtoto anayedai kwamba mpira haukumgusa, uligusa nguo yake tu. Sikiliza jinsi mashahidi wanavyoitwa, jinsi rafiki anavyolazimika kuchagua kati ya usuhuba na ukweli, jinsi hukumu inavyotolewa ili mchezo uendelee kabla kengele haijalia tena, na aliyehukumiwa anavyonuna kidogo kisha akarudi. Katika dakika hizo watoto hujifunza zamu, ahadi, ushahidi, msamaha na kushindwa, ambayo ni elimu ya uraia kamili, nao hujifunza kwa viungo, kwani asiyeweza kuruka wala kukwepa hawezi kufika mahali ambapo mabishano hayo hufanyika.

Hata katika historia ya pande za Kamukuywa mfano wa viungo kumpatia mtu kibali haukosekani. Elijah Masinde wa Maeni, katika eneo hilo hilo la Kimilili, ambaye baadaye aliongoza Dini ya Msambwa na kufungwa na serikali ya kikoloni, alijulikana kwanza kwa mpira wa miguu, hata akaichezea Kenya dhidi ya Uganda. Hatuwezi kusema kwamba mpira ulimfanya kuwa kiongozi. Twaweza kusema kwamba watu walimfahamu kwa miguu yake kabla ya kumsikiliza.

Sasa na tumtazame yule aliyesimama kando, maana kwa ajili yake hasa ndipo sura hii ikaandikwa. Wataalamu wa tiba wanakadiria kwamba katika kila watoto 100 wa umri wa shule ya msingi, 5 au 6 hivi wana tatizo la uratibu wa viungo lisilotokana na kupooza wala upungufu wa akili wala macho mabovu. Ubongo wao ni mzima na misuli yao ni mizima, lakini mapatano baina ya viwili hivyo hayaendi sawa. Mtoto wa namna hii huchelewa kufunga vifungo na kamba za viatu, humwaga uji, hujikwaa pasipo kizuizi, huandika kwa kuikandamiza penseli mpaka karatasi ikatoboka, na akirushiwa mpira mikono yake hufumba baada ya mpira kupita. Katika darasa la watoto 60, na madarasa ya idadi hiyo si haba magharibi mwa Kenya, hesabu hiyo yamaanisha kwamba mwalimu anao watatu kama hao mbele yake, naye aghalabu hamjui hata mmoja.

Mambo yake huenda kwa utaratibu ambao ukisha kuufahamu huwezi tena kuukosa. Mwanzoni anataka kucheza, na anajaribu. Anaposababisha upande wake kushindwa, huchaguliwa wa mwisho. Akichaguliwa wa mwisho mara nyingi, huacha kusubiri kuchaguliwa. Kwa kuwa hachezi, hafanyi mazoezi. Kwa kuwa hafanyi mazoezi, wenzake wanamwacha nyuma zaidi muhula hata muhula, na tofauti iliyokuwa ndogo katika darasa la kwanza huwa pana katika darasa la nne. Wengine hutafuta kimbilio katika uchekeshaji, wakajiangusha kwa makusudi ili wachekwe kwa hiari yao wenyewe. Wengine huwa wakali na kupiga, kwa sababu kupigana ni mguso wa pekee wanaoruhusiwa. Na wengi, hasa wasichana, hunyamaza tu, wakakaa karibu na mlango wa darasa wakisema wanaumwa na tumbo. Mwalimu huandika katika ripoti kwamba mtoto hana bidii. Mzazi, akiisoma ripoti hiyo, huongeza fimbo. Hapana hata mmoja kati yao aliye na nia mbaya, na mtoto amekwisha kudhulumiwa na wote wawili.

Njaa nayo huweza kuvaa sura ile ile, na hili si la kupuuzwa katika nchi ambamo mtoto hutoka nyumbani alfajiri kwa chai ya rangi. Wilayani Embu, kuanzia mwaka 1998, watafiti waliwagawa watoto wa darasa la kwanza wa shule 12 katika makundi: wengine walipewa githeri iliyotiwa nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na wengine hawakupewa chakula shuleni. Kisha hawakuridhika na kupima uzito na urefu na alama za mtihani, bali walikwenda wakakaa uwanjani wakati wa mapumziko na kuwatazama. Waliokula nyama ndio walioongezeka kuliko wengine wote katika kukimbia na kurukaruka, na kadhalika katika kuanzisha michezo na kuwaongoza wenzao. Matokeo hayo yastahili kusomwa mara mbili: kipande cha nyama katika sahani kilionekana katika uongozi wa mtoto uwanjani. Kabla hatujamwita mtoto mpole au mzito, basi, haki ni kuuliza kwanza amekula nini, na kama amepewa dawa ya minyoo, na kama miguu yake haina funza.

Serikali haikulala kabisa katika jambo la elimu ya watoto. Ada zilipoondolewa katika shule za msingi mwezi wa Januari 2003, idadi ya wanafunzi nchini ilipanda kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2 hivi, neema kubwa ambayo hakuna mwenye insafu atakayeilaumu. Lakini viwanja havikupanuka pamoja na madaftari ya majina, na mahali pengine madarasa mapya yalijengwa juu ya uwanja wenyewe. Mtihani wa darasa la nane, uliodumu tangu 1985 hadi 2023, haukuuliza hata swali moja la mazoezi ya viungo, na somo lisiloulizwa lilichukuliwa na hesabu, ingawa lilibaki limeandikwa kwenye ratiba ukutani. Mtaala wa umilisi, ulioenea nchi nzima kuanzia Januari 2019, umelirudisha somo hilo mahali pake katika madarasa ya awali na ya chini, kwa shughuli za mwendo, za ubunifu na za mikono. Karatasi imekwisha kusema yaliyo mema. Kilichobaki ni mwalimu mmoja mwenye watoto wengi, na hapo ndipo mambo hukwama au hukwamuka.

Mwalimu huyo hahitaji vifaa kutoka ng'ambo. Majaribio ya miaka ya karibuni yanaonyesha kwamba mtoto mwenye viungo visivyopatana husaidika zaidi akifundishwa jambo lenyewe analolitaka, hatua baada ya hatua, kuliko akipewa mazoezi ya jumla ya kuimarisha mwili. Anayetaka kudaka afundishwe kudaka: kwanza mpira mkubwa wa matambara, kutoka karibu, polepole, ukidunda mara moja, kisha mdogo zaidi, kutoka mbali zaidi. Anayeshindwa na blada aanzie kwenye kamba iliyolazwa chini. Na afundishwe faraghani au pamoja na rafiki mmoja mpole, si mbele ya gwaride la shule nzima. Jambo la pili ni jepesi zaidi na faida yake ni kubwa: mwalimu agawanye timu mwenyewe. Ile desturi ya manahodha wawili kusimama na kuchagua mmoja mmoja mpaka wabaki wasiotakiwa na mtu ni hukumu ya hadharani inayotolewa kila juma juu ya watoto wale wale, wala sioni faida yoyote inayoweza kuihalalisha. La tatu, mwalimu ashike daftari dogo na kuandika, mara moja kwa muhula, ni nani achezaye na nani, na ni nani asiyecheza na mtu. Kazi ya mapumziko mawili, ambayo itamfunulia mengi kuliko mtihani wa mwezi.

Kwa tatizo lililozidi uwezo wa darasa, Kenya ina vituo vya tathmini ya elimu vilivyoanza mwaka 1984, ambavyo kazi yake ni kumpima mtoto mwenye ugumu wa kujifunza na kuwashauri wazazi na shule, na huduma yake imeenea katika kaunti. Wazazi wengi huvidhania kuwa ni vya vipofu na viziwi tu, nao hukaa na mtoto nyumbani wakingoja akue. Mzazi wa Kamukuywa, au wa Kiminini, au wa Naitiri, ambaye mwanawe wa miaka saba bado hawezi kufunga vifungo vyake, hudondosha kila alichopewa, na hurudi kutoka shule bila kutaja jina la rafiki hata mmoja, asingoje. Aende kwa mwalimu wa darasa muhula huu huu, amweleze aliyoyaona nyumbani, amwulize aliyoyaona uwanjani, na wawili hao, wakiona mambo yanafanana, waombe barua ya mwalimu mkuu na kumpeleka mtoto akapimwe. Nanyi walimu, mnaobeba mzigo mkubwa kwa ujira mdogo, nawaomba jambo moja tu juu ya yote mnayoombwa kila siku: kengele ya mapumziko ikilia kesho, msiingie nyote katika chumba cha walimu, mmoja wenu abaki nje, amtafute mtoto aliyesimama peke yake kando ya uwanja, na ajue jina lake.